Mashauri ya Mume na Mke Katika Maradhi Mazito

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyejaalia maradhi na akajaalia dawa, aliyewaumba waja wake wakiwa mume na mke ili mmoja apate utulivu kwa mwenziwe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake na kila aliyeifuata njia yao. Ama baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini hapa Isaka, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, wake kwa waume, na vijana wetu wa madrasa na wa vyuo: twakuusieni, nasi tukijiusia nafsi zetu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo aghalabu hatulitaji juu ya mimbari kwa ajili ya haya. Nalo ni maradhi ya saratani ya titi, na hasa pale yanapokuwa yamekwisha kwenda mbali mwilini, na mume na mke wamekaa mbele ya daktari, na inawabidi kuchagua. Haya ni tabia njema. Walakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuuliza mambo ya dini. Nasi tukinyamaza kwa haya ilhali watu wanateketea, hiyo si haya tena.

Miezi kadhaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, alitujia mtu mmoja katika watu wa mji wetu huu. Yeye na mkewe wameturuhusu tusimulie habari yao kwa sharti tusiwataje majina wala mtaa wanaokaa. Wale mnaowatambua, twaomba mnyamaze. Mtu huyu ni mpakiaji wa mizigo katika bandari kavu, pale ambapo bidhaa za kwenda Rwanda na Burundi hupandishwa malori. Ni mtu wa mikono, si mtu wa maneno. Aliketi akatoa bahasha ya kaki ndani ya koti, akaiweka mbele yetu juu ya mkeka, asiseme kitu.

Mkewe alikuwa ameona uvimbe katika titi lake la kushoto karibu mwaka mzima kabla ya siku hiyo. Haukuwa ukimwuma, naye akauacha. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi mwanzoni hauumi, na hilo ndilo linalotuhadaa wengi. Ulipokua alipelekwa kwa mganga wa kienyeji, akapewa dawa ya kupaka. Miezi ikapita. Ngozi ilipoanza kuvuta na mgongo kuuma, ndipo wakaenda hospitali moja, na huko daktari akamwita mume pembeni, kwenye ukumbi, mke akiwa ameachwa kwenye benchi, akamwambia kuwa ni saratani, na kwamba imekwisha kuufikia mfupa wa mgongo na pafu.

Sasa, alisema, nyumba imekuwa baraza. Kaka yake anasema wauze kiwanja wampeleke Dar es Salaam, na ikibidi India. Mjomba wa mke anasema arudishwe kijijini kwao, yuko mganga aliyekwisha kuwaponya wengi. Mama mkwe analia tu. Na yeye mwenyewe alikuwa na maswali mawili ya sheria aliyotaka tumjibu: je, inampasa mume kuuza mali yake kwa matibabu ya mke? Na je, yafaa kumficha mke habari ili asivunjike moyo?

Ndugu zangu, tutakiri kosa letu mbele yenu. Sisi, baada ya miaka yetu yote ya kusoma na kusomesha, tulinyoosha mkono kwenye rafu ya vitabu. Tulikwisha kufungua mlango wa nafaka na tunatafuta ukurasa. Ndipo mama wa nyumbani kwetu, aliyekuwa akisikia nyuma ya pazia, akauliza kwa sauti: “Na mwenyewe anasemaje?”

Yule bwana akainamisha kichwa. Akasema, “Hatujamwuliza.”

Kaka ameulizwa, mjomba ameulizwa, mganga ameulizwa, na sasa sheikh anaulizwa. Mwenye titi, mwenye mgongo, mwenye uhai, hakuulizwa na mtu.

Tutazameni Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mola wetu anataja habari ya kumwachisha mtoto ziwa kabla ya kutimia miaka miwili. Anatufunza kuwa hapana ubaya wazazi wakitaka hivyo, lakini ameweka masharti mawili: waridhiane wote wawili, na washauriane. Mume hakuachiwa akate shauri peke yake, wala mke peke yake. Hili ni jambo la mtoto kuacha kunyonya, jambo linalopita katika kila nyumba, wala halimwui mtu. Basi ikiwa ziwa la mama katika kunyonyesha tu limewekewa ridhaa na mashauriano, itakuwaje ziwa hilo hilo linapotaka kukatwa, au kuchomwa kwa mionzi, au mwili wote kutiwa dawa kali kwa ajili yake? Twaona hoja hii haihitaji kurefushwa.

Na iko hadithi ambayo tumeifundisha madrasani tangu tukiwa vijana, na kila mara tukisema kuwa ni hadithi ya subira. Imo katika Bukhari na Muslim. Ibn Abbas (r.a.) alimwonyesha mwanafunzi wake Ata bin Abi Rabah mwanamke mmoja mweusi, akamwambia kuwa huyu ni katika watu wa peponi. Mwanamke huyo alikuwa na kifafa. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa huanguka na nguo zikamfunuka, akamwomba amwombee. Mtume akamwekea mambo mawili mbele yake: akitaka astahimili na malipo yake ni pepo, na akitaka amwombee apone. Akachagua kustahimili. Kisha akaongeza haja yake: basi aombewe asifunuke. Akaombewa.

Ni kweli hii ni hadithi ya subira. Lakini tazameni nani aliyepewa hiari. Hakuitwa mumewe wala nduguye, bali aliulizwa yeye. Na tazameni tena kuwa alipokwisha kuchagua alikuwa na jambo lake dogo, la sitara yake, ambalo mtu mwingine asingelijua kwa sababu si yeye anayeanguka. Mtume (s.a.w.) hakumwambia, “Ulikwisha kuchagua, basi.” Alimtimizia. Kila mgonjwa ana jambo lake kama hilo. Huwezi kulijua mpaka umwulize, na umwulize huku umekaa, si huku umesimama mlangoni unakwenda kazini.

Wanavyuoni wa zama zetu nao wamelisema wazi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilipitisha azimio juu ya matibabu, na ndani yake likasema kuwa idhini ya mgonjwa mwenyewe ni sharti la kumtibu, maadamu ana akili timamu na amebaleghe. Mwanamke hakutolewa katika hukumu hiyo kwa sababu ni mke wa mtu.

Basi usiku ule hatukumjibu maswali yake. Kesho yake tulikwenda nyumbani kwake pamoja na mama wa nyumbani kwetu, baada ya Alasiri. Mke alikuwa ameegemea mto kwa sababu ya mgongo. Mume akaanza kwa kuzunguka, mara mvua, mara bei ya mchele. Mke akamkatiza. “Baba watoto,” alisema, “mimi najua. Nilijua tangu siku ile ulipotoka kule ukumbini ukanishika mkono. Miaka kumi na minane hujanishika mkono mbele za watu.”

Hapo ndipo swali la pili lilipojijibu lenyewe. Wengi wanaoficha hudhani wanamhurumia mgonjwa, na huenda nia yao ni njema. Lakini mgonjwa huona nyuso. Anayefichwa huachwa peke yake na hofu yake, hana wa kumweleza, kwa kuwa kila mtu anajifanya hakuna jambo. Tena hunyimwa haki zake: hapati nafasi ya kulipa madeni, ya kusameheana na aliogombana nao, ya kuandika wasia. Na tukitaja wasia msione kuwa ni kumwita Izraili. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua katika mwaka wa Hija ya kuaga hata akadhani anakufa, akamwuliza Mtume (s.a.w.) habari ya kuusia mali yake, akaruhusiwa thuluthi na si zaidi. Saad aliinuka kitandani pale, akaishi baada yake zaidi ya miaka arobaini. Hatusemi aambiwe kwa ukali, wala asukumiwe habari asiyotaka kuisikia. Aulizwe anataka kujua kiasi gani, aambiwe kwa kiasi hicho.

Mke yule alipoulizwa anataka nini, alisema mambo matatu. Kwanza, mgongo upungue kuuma, aweze kuketi kwenye sala yake, kwani alikuwa akisali kwa ubavu. Pili, amwone mtoto wake wa mwisho akifanya mtihani wa darasa la saba. Tatu, kiwanja kisiuzwe. Alisema, “Mkiuza kiwanja nikafa, watoto watakuwa wamepotewa na mama na nyumba siku moja.”

Hapana hata mmoja katika wale waliokuwa wakishindana aliyekuwa ametaja mgongo.

Sasa turudi kwenye kitabu tulichokifungua usiku ule, kwa sababu liko jambo ndani yake ambalo baadhi ya waume hulifanya ngao. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokitegemea sisi watu wa madhehebu ya Shafi, ameandika kuwa dawa za maradhi na ujira wa tabibu si wajibu juu ya mume katika nafaka. Ni kweli imeandikwa, na tumewasikia watu wasiojua mlango mwingine wowote wa fiqhi wakiujua mlango huo. Lakini Nawawi alifariki katika karne ya saba ya Hijra, zama ambazo dawa ilikuwa jambo la nadra, na mtu huishi maisha yake yote asimwone tabibu. Marehemu Sheikh Wahba Zuhaili wa Damascus, aliyefariki mwaka 2015, ameeleza kuwa katika zama hizi matibabu yamekuwa haja ya lazima mithili ya chakula, bali mgonjwa huitanguliza dawa kabla ya chakula, na kwa hivyo yamo katika nafaka ya mke. Nasi twafuata kauli hiyo. Na ambaye hakuridhika nayo, basi asome Suratun Nisaa, aya ya 19, alikoamrishwa kukaa na mkewe kwa wema, kisha atuambie ni wema gani wa mtu kumlisha mkewe ugali na kumwacha anateseka na mfupa.

Lakini wajibu huo ni kwa kadiri ya uwezo. Mwenyezi Mungu hakumkalifisha mtu kuuza paa la watoto kwa ajili ya dawa ambayo mgonjwa mwenyewe haitaki na tabibu mwenyewe haitarajii kuponya. Na hapa ndipo panapohitaji elimu, maana watu wengi huuza mali kabla ya kujua wanakwenda kununua nini.

Miaka ya nyuma mgonjwa wa kanda yetu aliyehitaji mionzi hakuwa na budi kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Watu wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita bado wanadhani ndivyo ilivyo. Siku hizi hospitali ya Bugando, Mwanza, hutoa dawa za saratani na mionzi pia. Kutoka hapa Isaka mtu hupita Tinde na Shinyanga mjini, akawa Mwanza siku hiyo hiyo. Kiwanja hakikuuzwa. Waliuza ng'ombe wawili, na nauli za safari mbili za kwanza zikatoka kwa majirani.

Mume yule tulimwusia aende na daftari. Akacheka, maana hajashika daftari tangu shule. Lakini alikwenda nalo, la mtoto, na ndani yake binti yao wa sekondari alikuwa amewaandikia maswali waliyoyatunga wao wawili usiku, mke akitaja na mume akiongeza: dawa hii ni ya kuponya au ni ya kuyazuia maradhi yasiende mbio? Itachukua muda gani, na kila mara ni safari? Italeta madhara gani, na yapi yana dawa ya kuyapunguza? Tukiiacha, iko nyingine? Na maumivu, yatashughulikiwa na nani tukiwa nyumbani? Daktari, walisema, aliweka kalamu chini akawajibu moja moja, na safari hii aliongea na mke.

Waliyoelezwa yanafaa kujulikana na kila nyumba. Saratani ya titi iliyokwisha kuhamia kwenye mifupa, au mapafu, au ini, kwa kawaida haiondoki kabisa, lakini hutibika, na wako wanaoishi nayo miaka. Madaktari huchukua kinyama kidogo cha uvimbe wakakipima, ili wajue ni saratani ya namna gani. Ikiwa ni ile inayosaidiwa kukua na homoni za kike, viko vidonge, kama tamoksifeni, ambavyo humezwa kila siku nyumbani. Ziko dawa za dripu, zenye nguvu zaidi na taabu zaidi. Mionzi, ikielekezwa kwenye mfupa unaouma, hupunguza maumivu, na mara nyingine siku moja tu ya mionzi hutosha kwa kazi hiyo. Kulikata titi, katika hali kama hii, si lazima kurefushe uhai, lakini huweza kumpumzisha mgonjwa na kidonda. Kila moja katika haya lina bei yake, na bei yenyewe si fedha tu.

Yeye alipigwa mionzi ya mgongo, na katika wiki chache akaketi kwenye sala yake. Kisha akaanzishiwa dripu. Ya kwanza aliistahimili, ya pili ikamlaza, ya tatu na ya nne zikamtoa vidonda mdomoni na ganzi vidoleni, hata sindano ya kushonea ikawa inamponyoka. Akasema ya tano hataki.

Mume akatujia safari hii kwa hasira. “Sheikh, mwambie. Wewe atakusikia.”

Ndugu zangu, mtihani huu ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwanza. Alimpenda, na kwa kuwa anampenda, aliona kumkubalia ni kushiriki kumwua. Tulimsimulia hadithi ambayo Bibi Aisha (r.a.) ameisimulia kuhusu maradhi ya mwisho ya Mtume (s.a.w.). Jamaa zake walimtia dawa kinywani ilhali yeye anawaashiria wasimtie. Wakaambizana kuwa ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa. Alipozindukana aliwauliza kwa nini wamefanya alilowakataza, akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile kinywani mbele yake, isipokuwa ami yake Abbas, kwa kuwa hakuwapo. Wale waliomtia dawa hawakuwa maadui, walikuwa watu waliompenda kuliko nafsi zao. Na kauli yao, kwamba mgonjwa huchukia dawa tu, ndiyo kauli tunayoisema sisi hadi leo.

Hatukwenda kumwambia mke. Tulimwambia mume: mwulize anachokikataa ni nini. Kumbe hakukataa tiba, alikataa dripu. Walirudi Mwanza wakalisema hilo, na daktari akawaambia kuwa vipimo vya kinyama chake vinaruhusu vidonge, na kwamba anaweza kupumzika na dripu akawa anameza vidonge huku wakimwangalia. Shauri hilo lilikuwepo. Lakini mume na mke walikuwa wanagombana juu ya jambo ambalo hawakuwa wamelileta mbele ya mwenye kulijua. Na hata angekataa vyote, na vidonge pia, baada ya kuelezwa na kufahamu, wanavyuoni wengi wameiona dawa kuwa ni sunna au ni jambo la halali, na si kila tiba ni faradhi, hasa ile isiyotarajiwa kuponya. Kumlazimisha si haki ya mume. Kubaki naye ndiyo kazi yake.

Kwa kubaki tunamkusudia mfano wa Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Katika mwezi wa Ramadhani, mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walitoka kwenda Badri. Mke wa Uthman, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa. Uthman aliamriwa abaki amwuguze, akaahidiwa malipo ya aliyehudhuria Badri na fungu lake katika ngawira. Ruqayya hakupona. Usama bin Zaid amesimulia kuwa habari ya ushindi iliwafikia wakiwa wanasawazisha udongo wa kaburi lake. Baada ya miaka mingi mtu mmoja kutoka Misri alikuja Hija, akamwuliza Ibn Umar (r.a.) akitaka kumwaibisha Uthman: je, si kweli kwamba hakuwapo Badri? Ibn Umar akamweleza alikuwa wapi, na kwa amri ya nani.

Twawasimulieni haya kwa sababu mume yule anachekwa. Amepunguza zamu bandarini, anapika, anafua nguo za mkewe, anambadilishia kitambaa cha kidonda. Wako wanaosema amelishwa kitu. Na hao hao hawamsemi yule mwingine, naye pia yumo katika mji huu, aliyempandisha mkewe gari na mabunda yake akampeleka kwa wazazi wake na kuwaambia, “Akipona mtanirudishia.” Huyo alivuna alichovuna siku za uzima wake, na sasa anarudisha mashina. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, aya ya 187, amewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja vazi la mwenziwe. Nguo ni ya siku ya baridi zaidi kuliko siku ya joto.

Tumesema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi.

Khutba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yamebaki machache.

Saratani ya titi haiambukizi. Haitokani na uzinzi, wala na jicho baya, wala na kuweka fedha ndani ya sidiria kama wasemavyo wanawake sokoni. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika mwaka 2022 waligunduliwa nayo wanawake wapatao milioni 2.3 ulimwenguni, na wapatao 670,000 walifariki. Hata wanaume huipata, ijapokuwa ni wachache. Anayeona uvimbe, au chuchu iliyoingia ndani, au ngozi iliyobadilika, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Kombe na dua ni kheri, na hatumkatazi mtu, lakini vikae pamoja na hospitali, visikae mahali pake. Kukaguliwa na daktari mwanamume, pasipopatikana mwanamke, kumeruhusiwa kwa dharura, na mume au mwanamke mwingine awepo.

Iko pia tiba inayoitwa tiba shufaa. Wengine wakilisikia jina hilo hudhani wameambiwa waende wakafe. Sivyo. Ni tiba ya kumwondolea mgonjwa maumivu na dhiki, naye akiwa bado anaendelea na dawa nyingine au ameziacha. Ndani yake imo morfini ya maji, ambayo hunywewa kwa kipimo. Kila mara tunaulizwa kama ni haramu kwa kuwa hulevya. Kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari, kwa ajili ya maumivu makali, si haramu, na haimwui anayeitumia kama alivyoelekezwa. Msimwache mtu akalia usiku kucha mkidhani mnailinda dini yake.

Mgonjwa asali kwa kuketi au kwa kulala, asiyeweza maji atayamamu, mwenye bandeji apanguse juu yake, na asiyeweza kufunga asifunge. Mume ndiye amkumbushe ruhusa hizi, kwani wanawake wetu wengi hujiadhibu nafsi zao wakidhani wanazidisha ibada.

Na wenye mali: mgonjwa fakiri, na mume aliyezama katika madeni kwa ajili ya dawa, wamo katika wanaostahiki zaka, kama ilivyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Na ambaye hana kabisa, aulizie ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali kabla hajakimbia deni. Kamati ya msikiti imefungua sanduku la nauli za Mwanza. Funguo ziko kwa wanawake wa darsa ya Jumamosi, kwa sababu wao ndio wanaojua nani anaumwa.

Mtihani wa darasa la saba umekwisha kufanywa. Mama yake alimfulia sare jioni yake, kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa. Wanaotaka kumzuru waende baada ya Alasiri, kwani asubuhi hulala. Wasikae sana, na wasimsimulie habari za waliokufa.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote. Wapunguzie maumivu walioketi leo kwenye mabenchi ya Bugando na Ocean Road wakisubiri kuitwa majina yao, na uwape nguvu walioketi pembeni yao wameshika mafaili. Wape madaktari ufahamu na ulimi laini. Wahurumie wanawake waliorudishwa makwao kwa maradhi, na uwaongoze waliowarudisha. Amin.

Simameni tuswali.